Aliyekutwa Nyumbani

Siku Athanase alipoingia kanisani mara ya kwanza, miaka minne iliyopita, alikuwa na mfuko mmoja wa nailoni mkononi na hakujua hata choo kiko wapi. Aliyemwonyesha choo ni Mama Goreth.

Leo mtu huyohuyo alikuwa amesimama mbele ya waamini, suti ya bluu, viatu vyenye ncha kama mdomo wa korongo, akisoma règlement mpya, yaani kanuni za kanisa. Kila ukurasa aliufunua kwa kidole alichokilamba kwanza, ingawa kurasa hazikuwa zimegandana. Alipofika ibara ya saba akakohoa kikohozi cha watu wakubwa.

"Waamini watakuwa wa aina mbili. Iko wenyeji, na iko wageni. Wenyeji ni Wakongomani, kwa sababu kwenye karatasi za serikali kanisa hili ni la Wakongomani. Wageni ni ndugu zetu wa Burundi na wengine, ambao tunawapenda sana."

"Amen," wakasema wawili watatu.

"Mgeni ataketi kuanzia benchi ya sita kwenda nyuma. Mgeni hatachagua viongozi. Mgeni hatashika ufunguo."

Mama Goreth, Mrundi, alikuwa benchi ya pili, pale alipokaa siku zote. Hakugeuka. Aliugusa tu ufunguo uliokuwa umefungwa kwenye pembe ya kitenge chake, akahakikisha bado upo.

Karatasi hizo za serikali aliziandikisha nani? Athanase mwenyewe, mwaka jana. Watu walimtuma akaandikishe kanisa, akarudi ameandikisha kabila. Wakati ule hakuna aliyesoma. Waliona muhuri wakapiga makofi.

Na kanisa lenyewe lilianzia wapi? Lilianzia South Beach, hapa Durban, ghorofa ya tisa, katika chumba cha Mama Goreth na marehemu mume wake Dominiki, aliyekuwa mlinzi wa mlango wa hoteli. Walikuwa watu saba. Waliimba kwa sauti ya kunong'ona kwa sababu jirani alikuwa akigonga ukuta. Mmoja wa hao saba alikuwa Mama Élisabeth, Mkongomani wa Uvira, ambaye alikuwa akija na kigoda chake kichwani kwa kuwa viti vya mle ndani vilikuwa viwili. Wakati huo Athanase alikuwa wapi? Muulize yeye.

Watu walipozidi chumba, Mama Goreth alimwendea mzungu ambaye yeye alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani Morningside, Mzee Ephraim Prosser. Mzee huyo ni Mwelisi, mtu wa nchi ndogo iliyobanwa ubavuni mwa Uingereza, na ndiye aliyebaki peke yake kati ya Wawelisi waliojenga chapeli ndogo kule Glenwood. Wenzake wote wako chini ya mawe. Mzee alimtazama, akavuta droo, akamwekea ufunguo kiganjani. Hakumpa kamati wala mwenyekiti. Alimpa yeye. Ulikuwa ufunguo wa shaba, mrefu kama kidole cha kati, na kufuli lake ni kaidi: lazima uinue mlango kidogo kwa goti ndipo ugeuke. Kanisa zima aliyekuwa na goti la kuujua mlango ule ni mmoja.

Miaka sita sasa Dominiki amelala kaburini. Kila Jumamosi Mama Goreth huenda Glenwood peke yake, huinua mlango kwa goti, hufagia, kisha huketi benchi ya pili mahali pa mume wake na kusali mpaka mgongo unamuuma. Ukimnyang'anya ufunguo umemnyang'anya saa hiyo. Kingebaki nini? Mjane na kitenge.

"Jumapili inayokuja," Athanase akamalizia, "mzee wetu Mwelisi atakuja mwenyewe kutia sahihi, tukae katika chapeli yake miaka mitano mingine. Siku hiyo hiyo tutapiga kura, wote, kwa mara ya mwisho. Na ufunguo utapokelewa na Papa Ezéchiel."

Papa Ezéchiel, shemeji yake Athanase, akainama kama bwana harusi.

Jambo moja lilimchekesha Mama Goreth alipokuwa akirudi nyumbani, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka. Wiki ile ile, ndani ya taxi ya kwenda mjini, alimwona kwa macho yake dereva akimwambia Athanase ashuke haraka, "kwerekwere, unatuchelewesha." Kwerekwere, ndivyo wanavyotuita hapa sisi tuliotoka mbali. Na Athanase alishuka, mkia katikati ya miguu. Basi kumbe tusi halikutupwa. Alilikunja vizuri, akalitia mfukoni mwa suti, akaja kulikunjulia kanisani.

*

Jumanne alikuwa Morningside. Alimwosha mzee miguu katika beseni la maji ya vuguvugu, akampangusa kidole kwa kidole, kisha akamletea bakuli la kokwa zenye maganda magumu kama fuvu la ndege, na chuma cha kuzivunjia. Mzee Ephraim alikuwa na miaka themanini na saba, na kila Jumanne alivunja kokwa zile na kueleza hadithi ileile.

"Unajua Waingereza wanaziitaje hizi, Mrs Goreth?"

"Wanaziita walnut, mzee."

"Maana yake kokwa za kigeni. Na sisi wanatuitaje?"

"Welsh."

"Neno ni lilelile! Shina moja!" Kokwa ikapasuka. "Walikuja kwa mashua, wamevuka bahari. Wakatukuta sisi tunakoroga uji wetu, katika nyumba zetu, mababu wetu wamezikwa nyuma ya jiko. Wakatutazama, wakaulizana: hawa wageni ni nani?" Alicheka mpaka meno ya bandia yakacheza. "Miaka elfu na mia kadhaa. Na jina bado linatuganda. Baadaye neno hilohilo likawa pia ndilo la kumwita mtumwa. Mtu akishakuita mgeni nyumbani kwako, hatua inayofuata ni kukutuma maji."

Mara zote nyingine Mama Goreth alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Siku ile taulo lilisimama mkononi.

"Na ninyi wenyewe, mzee, mnajiita nani?"

Hakuwahi kumwuliza. Mzee aliweka chini chuma cha kuvunjia.

"Cymry," akasema, na mdomoni mwake neno lilisikika kama Kamri. "Maana yake watu wa nchi moja. Wenzetu. Jina tulilojipa ni wenzetu, na jina tulilopewa ni wageni. Chagua mwenyewe lipi la kweli."

Mama Goreth alimwaga maji ya beseni bustanini, akalisafisha beseni kwa mkono wenye nguvu kupita kiasi. Hakumwambia mzee habari ya ibara ya saba. Nguo za ndani za nyumba haziendi kuanikwa kwenye kamba ya jirani, hata kama jirani ndiye mwenye kamba.

*

Alhamisi Athanase akaja kumtafuta. Alimkuta kwenye ngazi za jengo lake South Beach, anapanda na mfuko wa unga.

Inabidi kueleza desturi moja, maana bila hiyo mtu hataelewa yaliyofuata. Kwetu Burundi jina halikai bure. Jina ni sentensi nzima: baba aliona nini, jirani alisema nini, Mungu alifanya nini. Basi mgeni wa heshima akija, mtu husimama akamfungulia jina lake mbele ya watu, akalieleza na kulisifu, mpaka mwenyewe anajiona amezaliwa upya. Kanisa lilianza desturi hiyo South Beach, Dominiki ndiye alikuwa fundi wake, na Wakongomani waliipenda wakaishika nao. Sasa Athanase, aliyeicheka desturi hiyo kuwa mambo ya kijijini, alitaka kumfungulia jina Mzee Ephraim. Na si la mtu mmoja, la kabila zima!

"Mama Goreth, wewe uko naye kila wiki. Welsh maana yake nini?"

Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mungu ni shahidi, lilifika. Lakini Athanase hakulipa nafasi ya kutoka.

"Ao ninauliza bure. École primaire haifundishi mambo hayo."

Mama Goreth akalimeza.

"Kweli, papa. Mimi niliishia la sita, shule ya msingi tu. Lakini simu yako si inajua kila kitu?"

"Inajua. Nitatafuta, halafu Jules atanitolea kwenye karatasi kule dukani kwake. Kiingereza kizito, mzee asikie kwamba tuko watu wa masomo. Peguy atatafsiri."

"Uisome kwanza, papa."

Alilisema hilo mara moja, na kwa sauti ndogo. Lakini alilisema.

"Mama," Athanase akatabasamu kwa huruma, "mimi nilisoma Liège, Ubelgiji, kwa Wawaloni. Mtu aliyesoma kwa Wawaloni hasomi kitu mara mbili."

Liège! Miezi tisa ya stage, mafunzo ya kazi, na aliitafuna miaka kumi na mitano kama tambuu. Chai ya Liège, barafu ya Liège, mapadri Wawaloni waliomfundisha babu yake adabu. Wanawake walimwita Papa Liège nyuma ya mgongo, na wengine mbele, naye alidhani ni sifa.

"Sharp, papa," akasema Mama Goreth, kama vijana wa hapa wanavyosema wakikubali. Akapanda ngazi na unga wake.

*

Jumapili mlango uliinuliwa kwa goti saa mbili asubuhi. Ezéchiel aliingia nyuma ya Mama Goreth, akabandika utepe mwekundu wa plastiki sakafuni, ukuta hadi ukuta, baada ya benchi ya tano. Mama Goreth aliutazama kama mtu anayetazama mavi ya mbwa kwenye njia yake. Akauvuka, akaketi benchi ya sita. Kutoka pale mahali pa Dominiki paliweza kuonekana vizuri. Palikuwa tupu. Hilo ndilo lililomuuma, si kingine.

Warundi walikaa nyuma, wamebanana. Wakongomani walikaa mbele, na ukweli usemwe, wengi wao hawakuwa na raha. Walitazama utepe, wakatazama dari. Lakini nani atasimama? Kila mtu alingoja mwenzake, na hivyo ndivyo mijinga inavyopata kutawala.

Mzee Ephraim aliingia na fimbo yake, akaketishwa kwenye kiti chenye mto. Nyimbo ziliimbwa. Kisha Athanase akasimama, Peguy akasimama kando yake.

Peguy ni fundi wa simu mjini, lakini Jumapili ni mkalimani, na mkalimani kama yeye hakuna Durban nzima. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Mhubiri akilia, naye analia. Na ana kiapo chake: haongezi, hapunguzi. Ukisema upuuzi kwa Kiingereza, utausikia upuuzi wako kwa Kiswahili, umekamilika.

Athanase akafungua karatasi ya Jules. Akasoma kwa Kiingereza, pua juu, na Peguy akatupa Kiswahili nyuma yake, pua juu vilevile:

"Leo tunalifungua jina la watu wa mzee wetu! Welsh!"

"Amen!" kanisa likajibu.

"Jina hili ni la kale sana!"

"Amen!"

"Jina hili, Wawelisi hawakujipa wenyewe!"

"Amen," wakasema wachache, kwa mazoea.

"Walipewa na watu waliokuja nyuma yao, waliovuka bahari, wakawakuta katika nchi yao!"

Athanase alikuwa akisoma kwa kishindo, kila neno la Kiingereza akilitamka kama anayekata kipande cha nyama. Hakuwa anasikiliza. Kufikia wakati huo Kiingereza kilikuwa kinapita mdomoni mwake kama maji ndani ya mpira.

"Na maana yake ni: mgeni!"

Hapo Amen haikuja. Peguy alikuwa bado ameinua mkono. Aliutazama mkono wake mwenyewe kama si wake.

Ndipo Athanase akasikia. Alilisikia kwa Kiswahili, kutoka kwa mkalimani wake. Akatazama karatasi, akatazama utepe sakafuni, akatazama karatasi tena. Aisimamishe? Mzee Ephraim alikuwa akitikisa kichwa kwa furaha, amejiegemeza mbele kwenye fimbo, macho yakimng'aa kama mtoto aliyeletewa zawadi. Basi Athanase akafanya wanachofanya watu wa aina yake wakipotea njia: akaongeza mwendo.

"Wale waliokuja," Peguy akatafsiri, sauti sasa imepungua lakini kila neno limetimia, "waliwaita wageni wale waliowakuta nyumbani."

"Mana yanje!" akasema mtu wa nyuma kwa Kirundi, yaani Mungu wangu.

Athanase akalamba kidole, akafunua ukurasa wa pili. Labda alitumaini kwamba huko kuna maua.

"Neno hilohilo ndilo lililowapa jina Wawaloni wa Ubelgiji."

"Papa Liège!" Sauti hiyo ilitoka mbele, upande wa Wakongomani wenyewe, na kicheko kikaanza kutambaa benchi kwa benchi. Watu waliinamisha vichwa, wakaziba midomo kwa vitenge. Ezéchiel alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikuwa kinatetemeka.

"Na baadaye," Peguy akasema, jasho limemtoka, "likawa pia neno la kumwita mtumwa. Mwisho wa karatasi."

Athanase akasema "Amen" peke yake.

Mzee Ephraim akasimama kwa shida, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalikuwa yanamtiririka, ya kweli. "Nimekaa Durban miaka hamsini na tatu," akasema, na Peguy akatafsiri, "hakuna mtu aliyewahi kusimama hadharani akasema jambo hili. Ahsante. Wewe peke yako umeelewa ni nini kufanyiwa vile."

Ukitaka kumwadhibu mtu, usimpige. Mshukuru.

Kisha mzee akainama, akagusa sakafu kwa ncha ya fimbo. "Nilitaka kuuliza tangu nilipoingia. Huu utepe mwekundu ni wa kazi gani?"

Peguy hakuongeza, hakupunguza. "Mzee anauliza, utepe huu ni wa kazi gani."

Kicheko kilikufa palepale. Magari yalisikika yakipanda kilima nje, na mtoto mmoja akadondosha ufunguo wa kuchezea.

Kisha benchi ya kwanza ikalia. Mama Élisabeth alikuwa anasimama. Goti lake ni bovu, kusimama kwake ni safari. Akaokota mkoba wake, akaenda nyuma polepole, tak, tak, mpaka kwenye utepe, akapandisha kitenge kidogo kama anayevuka mtaro wa maji machafu, akavuka.

"Mimi nilikutwa," akasema, bila kugeuka. "Athanase, wewe ulinikuta hapa. Mama Goreth alikuonyesha choo, mimi nilikupa chai. Na sukari uliomba mara tatu. Kama mwenye kukutwa ndiye mgeni, basi mugeni niko mimi." Akamwambia Mama Goreth, "Sogea, dada. Usinikazie macho, sogea."

Mama Goreth akasogea.

Baada yake akaja mume na mke wa benchi ya tatu. Kisha wasichana wa kwaya, wote pamoja, wakichekeana. Kisha benchi nzima za Wakongomani, wameshika watoto na mikoba na Biblia, wakivuka utepe kama kondoo waliogundua kwamba ua halina umeme. Huku nyuma watu walipakatana. Wengine walisimama ukutani.

"Nini kinatokea?" Mzee Ephraim akauliza.

"Wanabadilisha viti, sir," akasema Peguy.

"Sasa kutokana na muda," Athanase akaanza, akijipangusa uso kwa karatasi ya Jules, "ibara ya saba tutaipeleka mbele kidogo…"

"Ipeleke Liège!" akasema Mama Élisabeth.

Lakini hawakumruhusu aipeleke popote. Walitaka kura, si yeye ndiye aliyeahidi kura? Wasioitaka ibara wainue mikono. Kanisa likawa msitu. Mama Goreth hakuhesabu. Aliona mkono mmoja tu, ule wa Papa Ezéchiel, aliyebaki peke yake kwenye benchi za mbele, ukipanda polepole kutoka nyuma ya kitabu cha nyimbo. Hata shemeji!

Mzee akatia sahihi ya miaka mitano. Akauliza kama Mrs Goreth bado anao ufunguo. Akaambiwa anao. Akasema vizuri, kwa sababu mlango ule haupendi mtu mwingine.

*

Watu walipokwisha kutawanyika, Mama Goreth alifunga mlango kwa ndani. Akapiga magoti, akaung'oa utepe kwa kucha, kipande kwa kipande, kwa sababu Ezéchiel alikuwa ameubandika kwa bidii ya mjinga. Akaukunja donge, akautupa kwenye pipa. Kisha akaketi benchi ya pili, akaweka ufunguo mahali pa Dominiki, akafungua zaburi.

Mlango ukagongwa.

"Mama Goreth? Ni mimi, Athanase. Nimesahau simu yangu hapo mimbarani."

Simu kweli ilikuwepo. Ilikuwa ikitetemeka kama panya kwenye mtego.

Mama Goreth alimfikiria kule nje katika upepo wa Glenwood, na viatu vyake vya korongo, akingoja kufunguliwa na mwanamke wa darasa la sita. Akageuza kurasa taratibu. Akachagua zaburi ile ndefu kuliko zote, ile ambayo hata wachungaji huikata vipande. Akaanza kusoma kwa sauti, aya ya kwanza, aya ya pili, bila haraka.

"Mama? Nakusikia uko ndani."

Aya ya kumi. Ya kumi na mbili. Alikuwa anaburudika, na alijua si vizuri kuburudika hivyo, akaendelea.

Hata akafika pale mwimbaji anapomwambia Mungu kwamba yeye naye ni mgeni tu hapa duniani, hana kwake. Mama Goreth akasimama. Akaisoma tena kimya, akakunja uso kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali. Akatazama juu, bila furaha.

"Haya," akamwambia Mungu. "Nimesikia."

Akaichukua simu kwa vidole viwili, akaenda mlangoni, akauinua mlango kwa goti.